Bunduki ya misumari au nyundo: kwa nyumba za kwetu, kipi kinunuliwe kwanza?

Swali: Mwalimu, Kihonda, Morogoro

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu walioshika kazi hizi kwa mikono yao, kwa sababu kila duka ninaloingia nashauriwa kununua kile ambacho muuzaji anacho.

Nina nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali ya saruji na paa la bati, ambayo nilihamia kabla haijakamilika kama tufanyavyo wengi. Likizo hii ya Desemba nimepanga kufanya kazi tatu mwenyewe, nikisaidiwa na mwanangu wa miaka 18. Ya kwanza ni kupiga dari ya sebule na ya chumba kimoja kwa mbao nyembamba zenye ulimi, zile zinazochomekana, za unene wa milimita 12. Fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 ya kuzishikilia fundi alikwisha kuiweka. Ya pili ni makabati ya jikoni, ambayo nimeyanunulia mninga kwa ajili ya milango na fremu, na plaiwudi kwa ajili ya maboksi yake. Ya tatu ni kubadilisha papi mbili (zile mbao zinazopigiliwa mabati) zilizoliwa na mchwa juu ya jiko, kisha kurudishia mabati yake.

Nyundo ninayo, tena nzuri, iliyokuwa ya marehemu baba, lakini kichwa chake kimeanza kucheza kwenye mpini. Mjini nimeonyeshwa kompresa, yaani mashine ya kubana upepo, ndogo yenye tangi la lita 24, pamoja na bunduki ya misumari iliyoandikwa F30, na muuzaji akaniambia kwamba nikiichukua ile, nyundo naweza kuigawa. Bei yake si ndogo kwa mshahara wangu, ingawa nikijinyima nitaiweza. Jirani mmoja ananionya kwamba chombo hicho ni cha viwandani na kwamba asiye fundi atajitoboa nacho, na mwingine ananiambia kwamba kugonga nyundo huku mikono iko juu ya kichwa siku nzima kutaniumiza bega nishindwe hata kuandika ubaoni shule zikifunguliwa.

Kwa kazi hizi tatu, ninunue au nisinunue? Na kama ni kununua, hiyo F30 inatosha?

Jibu: Fundi seremala, Tanga

Mwalimu, shikamoo. Umefanya vyema kutaja kazi zako moja moja pamoja na unene wa mbao, maana wengi huuliza "kipi bora" bila kusema wanataka kufunga nini. Mimi nina vyote viwili karakana na ninavitumia kila siku, na nitakueleza kwa kadiri ninavyovijua.

Kwanza elewa bunduki hiyo inafanya nini. Ndani yake kuna pistoni yenye ulimi mwembamba wa chuma, na upepo wa kompresa unapofunguliwa, ulimi huo unaupiga msumari mara moja tu mpaka mwisho. Nyundo inahitaji mapigo matano, sita, na kila pigo linautikisa ubao unaoufunga na lile fremu lililoko nyuma yake. Kwenye benchi mtikisiko huo haukusumbui. Kwenye dari unakusumbua sana, kwa sababu fremu ya 2 kwa 2 inarukaruka kila unapogonga, ubao uliokwisha kuuchomeka unachomoka, na mkono wako mmoja unashikilia ubao, wa pili umeshika nyundo, na hakuna mkono wa tatu wa kuushika msumari. Nimepiga dari za namna hiyo kwa nyundo kwa miaka mingi kabla sijamiliki kompresa, nikiwa na misumari mdomoni na vumbi machoni, na nakuambia kwa dhati kwamba hapo jirani yako wa pili ana haki. Kwa dari yako, bunduki itakufaa kuliko chombo kingine chochote.

Sasa kuhusu F30. Namba hiyo inaeleza msumari mrefu kabisa ambao mashine inaweza kuupiga, yaani milimita 30. Kanuni tuliyofundishwa na wazee wetu ni kwamba msumari uwe mrefu mara tatu ya unene wa kile unachokifunga, ili theluthi moja ikae kwenye ubao na theluthi mbili zizame kwenye fremu. Ubao wako ni milimita 12, kwa hiyo unahitaji milimita 36, na wa karibu unaopatikana dukani ni wa 40. Kwa F30 utabaki na milimita 18 tu ndani ya fremu, na pengine pungufu ya hapo, kwa sababu kwenye mbao zenye ulimi tunapiga kwa mshazari kupitia kwenye ulimi, ili ubao unaofuata uje kuufunika msumari usionekane. Ulizia F50. Inapiga kuanzia milimita 10 hadi 50 na inatumia upepo wa kompresa hiyohiyo.

Ila uelewe pia udhaifu wa misumari hiyo. Ni myembamba, unene wake ni karibu milimita 1.2, na kichwa chake ni kidogo mno. Inazuia ubao usiteleze, lakini ukiuvuta ubao kwa nguvu moja kwa moja unaweza kuuchomoa. Kwa hiyo kwenye dari mimi huongeza msumari mmoja wa mkono wa inchi 1.5 kila ubao unapoishia ukutani, mahali ambapo mkanda wa pembeni utakuja kuuficha. Na mbao za dari zilizonunuliwa mbichi hujipinda zikikauka, kwa hiyo zipange ndani ya chumba hicho, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite, kwa wiki mbili kabla ya kuanza.

Kwa upande wa papi, sahau kabisa kompresa. Papi ya 2 kwa 2 juu ya kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, inataka msumari wa inchi 4, ambao hakuna F yoyote inayoweza kuupiga. Piga misumari miwili kwenye kila kenchi, mmoja ukilalia kushoto na mwingine kulia, ncha zikipishana ndani. Watu hudhani kwamba kazi ya msumari wa papi ni kubeba bati. Bati lenyewe ni jepesi. Kazi kubwa ni kuzuia upepo unaoingia chini ya paa na kulinyanyua, na misumari miwili iliyolala kwa kupishana haichomoki kwa urahisi kama ile iliyosimama wima. Na misumari ya bati yenye kofia na mpira, nayo ni kazi ya nyundo. Ipige juu ya mgongo wa bati, usiipige bondeni kwenye mkondo wa maji, na uache kugonga mara tu mpira unapobana. Pigo moja la ziada linabonyeza bati na kuacha kidimbwi, na hapo ndipo paa linapoanza kuvuja.

Kuhusu mninga nitarudi, kwa sababu hilo lina mambo yake.

Jibu: Mjenzi wa nyumba za mbao, Minnesota

Nawasalimu wote. Mimi nimezaliwa Kigoma, na kwa miaka kadhaa sasa ninajenga nyumba hapa Marekani. Fundi wa Tanga amesema mengi ya kweli, nami ningependa kuongeza yale yanayohusu usalama, kwa kuwa mwalimu atafanya kazi hii pamoja na kijana wake.

Huku nyumba nzima ni mbao. Ukuta una nguzo za 2 kwa 4 au 2 kwa 6 kila baada ya inchi 16, na nyumba moja inaweza kumeza maelfu ya misumari, ndiyo maana bunduki kubwa ya misumari ya inchi 3 iko mkononi mwa kila mtu na mwenye nyundo peke yake angeachwa nyuma siku ya kwanza. Nyumba za kwetu kuta zake ni tofali, na mbao ziko juu tu: paa, dari, na kisha fremu za milango. Kwa hiyo usishawishike na video za huku zinazoonyesha mtu akisimamisha ukuta mzima kwa dakika kumi, kwa sababu kazi hiyo wewe huna. Tena hata misumari ya bunduki hizo kubwa mara nyingi ni myembamba kuliko ya mkono ya urefu uleule. Wa inchi 3 ninaoutumia una unene wa milimita 3.3, wakati ule wa kugonga kwa mkono niliouzoea nyumbani ni wa milimita 3.75 hivi, na ndiyo sababu ramani za huku huongeza idadi ya misumari inapopigwa kwa mashine.

Sasa usalama. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilipochunguza miaka ya 2001 hadi 2005, kilikuta kwamba watu wapatao 37,000 kwa mwaka walikuwa wakifikishwa kwenye vyumba vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari, na asilimia 40 kati yao walikuwa watu wa kawaida, wasiokuwa kazini. Jambo linaloleta tofauti kubwa ni aina ya kifyatulio. Bunduki nyingi zina pua ambayo ni lazima ikandamizwe kwenye ubao ndipo zifyatue. Katika aina ya kwanza, unakandamiza pua kwanza, kisha unavuta kifyatulio, na unapata msumari mmoja, basi. Katika aina ya pili, ukishikilia kifyatulio muda wote, kila pua inapogusa kitu msumari unatoka. Aina hii ya pili ina haraka, na hatari yake imeonekana kuwa mara mbili ya ile ya kwanza.

Mimi niliumia kwa hiyo ya pili. Nilikuwa ninafanyia kazi kampuni moja ambayo ilitugawia mashine bila kutueleza tofauti yake. Nilikuwa kwenye ngazi, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, nikageuka kupokea ubao kutoka kwa mwenzangu, na pua ikagusa paja langu. Msumari uliingia wote. Sikusikia maumivu papo hapo, niliona tu suruali imeshonwa kwenye mguu, kitambaa kikiwa kimejikunja kuzunguka kichwa cha msumari. Nilishukuru kwamba haukugusa mfupa wala mshipa mkubwa. Tangu siku hiyo kidole changu hakikai kwenye kifyatulio mpaka pua iwe imeshatua kwenye ubao, na huwa nautenganisha mpira wa upepo kabla ya kupanda ngazi, kabla ya kumpa mtu mashine na kabla ya kuchokonoa msumari uliokwama.

Mwalimu, bunduki ndogo za F mara nyingi pua yake ya usalama ni hafifu, na nyingine hazina kabisa. Ijaribu dukani kabla ya kulipa. Ikiwa inafyatua hewani bila kugusa kitu, iache hapohapo. Nunua miwani ya kinga miwili, wako na wa kijana, na vizibo vya masikio. Na mkono unaoshikilia ubao ukae mbali na pua kwa urefu unaouzidi sana urefu wa msumari. Msumari ukikutana na kifundo ndani ya ubao haupiti, unajipinda na kutokea ubavuni, na hakuna mtu anayeweza kuuona mapema.

Jibu: Mwenye karakana, Likoni, Mombasa

Asalaam aleikum. Nina mambo matatu, na yote yalinigharimu.

Kwanza ni umeme. Ndugu yangu aliniletea kompresa iliyotumika kutoka Marekani, nikaichomeka ukutani kwa furaha, ikanguruma kidogo kisha ikatoa moshi. Ilikuwa ya volti 120, na umeme wetu ni wa 240. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu kibao chenye maandishi kilikuwapo ubavuni nami sikukisoma. Yeyote anayenunua mashine zilizotumika, ziwe kompresa au chaja za bunduki za betri, asome kibao hicho kabla ya kitu kingine. Vilevile kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshashika kasi, kwa hiyo waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia huifanya ishindwe kuanza na hatimaye kuunguza mota. Ni afadhali kurefusha mpira wa upepo kuliko kurefusha waya.

Pili ni maji. Hewa ikibanwa, unyevu wake hugeuka maji ndani ya tangi, na kwetu pwani maji hayo ni mengi. Chini ya tangi kuna kizibo, na kila jioni kifunguliwe yatoke. Nimeona tangi lililoachwa miezi kadhaa bila kufunguliwa, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai. Tangi linaloliwa na kutu kwa ndani lina upepo wa kutosha kupasuka. Kabla ya kuanza kazi tia matone mawili matatu ya mafuta ya mashine za upepo kwenye mdomo wa bunduki panapoingia mpira, isipokuwa kama maelekezo yake yanasema haitaki mafuta.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimelishuhudia likifanywa: umeme ukikatika, asije mtu akaunganisha bunduki kwenye mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya bunduki inalipuka mkononi. Hewa ya kawaida peke yake ndiyo inayotakiwa. Umeme ukikatika, ndipo utakapoikumbuka nyundo ya marehemu mzee, na mimi nakusihi usiigawe.

Kwa misumari yenyewe, kama mbao za dari hazitapakwa rangi nzito, tafuta ile iliyopakwa zinki. Isiyopakwa hutoa kutu, na kutu hiyo huacha doa jeusi linaloshuka kwenye ubao mweupe. Morogoro hakuna chumvi ya bahari kama hapa, lakini dari ya jikoni hupata mvuke kila siku.

Mwalimu, Kihonda

Nawashukuru sana, na ndugu wa Minnesota pole kwa yaliyokupata. Nimerudi dukani na kuijaribu ile F30, na kweli ilifyatua hewani bila kugusa kitu. Muuzaji hakupendezwa nilipoiacha. Duka la pili lina F50 yenye pua inayokandamizwa.

Limebaki suala la mninga. Nilijaribu kugonga msumari wa inchi 2 kwenye kipande kilichobaki, karibu na mwisho wa ubao, na ubao ukapasuka kwa urefu wa kiganja. Je, bunduki ingelizuia hilo? Na nyundo ya baba nifanyeje nayo? Nimeiloweka kwenye ndoo usiku kucha, na kichwa kimekaza.

Jibu: Fundi seremala, Tanga

Nianze na nyundo, maana hilo halitaki kusubiri. Kuloweka hukaza kwa siku mbili tu. Mti hunywa maji ukavimba, na ukikauka husinyaa kuliko ulivyokuwa mwanzo, kwa hiyo kichwa kitalegea zaidi, na siku utakayokuwa juu ya paa kinaweza kuruka kikamwangukia kijana aliye chini. Toa mpini huo. Chonga mwingine kwa mbao ngumu iliyokauka, nyuzi zake zikienda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, upasue kidogo juu kwa msumeno, uingize kichwa kwa kubana, kisha ugongee kabari ya mbao na juu yake kabari ndogo ya chuma. Kichwa cha gramu 450 hadi 570 kinatosha kwa kazi zako zote. Shika mpini karibu na mwisho wake, uanze msumari kwa mapigo mepesi mpaka usimame wenyewe, kisha uondoe vidole na uache uzito wa kichwa ufanye kazi. Anayeshika mpini katikati anagonga mara mbili zaidi, na jioni ndiye anayelalamikia kiwiko.

Mninga ulipasuka kwa sababu ncha ya msumari wa kawaida imechongwa kama kabari, inatenganisha nyuzi za mbao, na mwishoni mwa ubao hakuna kitu cha kuzizuia nyuzi hizo zisiachane. Kwa mbao laini tunafanya hivi: tunausimamisha msumari juu ya chuma, kichwa kikiwa chini, na kuigonga ncha mara moja mpaka iwe butu. Ncha butu inazikata na kuzisaga nyuzi badala ya kuzitenganisha. Kwa mninga hilo pekee halitoshi. Toboa kwanza kwa drili, biti ya milimita 2 kwa msumari wako wa inchi 2, mpaka karibu theluthi mbili za urefu wake, kisha upitishe msumari kwenye sabuni ya mche au nta ya mshumaa. Utaona unavyoingia kwa upole.

Bunduki isingepasua kwa sababu msumari wake ni mwembamba, lakini kwenye mninga mkavu mara nyingi msumari huo hujikunja nusu ya njia na kubaki umechomoza, na kuukata ubaki sawa na ubao bila kuacha alama ni taabu. Na hata ukiingia, usiutegemee kubeba mlango wa kabati. Fremu za milango ziunge kwa ulimi na tundu, utie gundi. Maboksi ya plaiwudi ndipo F50 itakapokusaidia: paka gundi, panga kona kwa kutumia pembe mraba, piga misumari ya milimita 40 kila baada ya sentimita 10, na iachie gundi ikauke. Hapo msumari unafanya kazi ya mkono wa msaidizi asiyechoka, na gundi ndiyo itakayobeba sahani zako miaka yote. Punguza upepo ukihamia kwenye plaiwudi. Anza na psi 70 (kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachosomwa kwenye saa ya kompresa) kwenye kipande cha majaribio, uongeze kidogo kidogo mpaka kichwa kizame milimita moja tu. Ukiuachia upepo mwingi kichwa kitatoboa tabaka la kwanza na la pili, na nguvu ya kushika imekwisha.

Kama nafasi ya fedha ni finyu, mpangilio wangu ungekuwa huu: papi kwanza, kwa sababu paa likivuja litaharibu dari mpya, na kazi hiyo nyundo inatosha. Kompresa inunuliwe baada ya hapo, kwa ajili ya dari. Au iulizie kwa mafundi wa sofa walio karibu nawe, maana wengi wao wana kompresa za stepla, na kukodi kwa siku nne tano kunaweza kukupunguzia gharama kubwa. Utanunua bunduki na misumari tu.

Jibu: Mjenzi wa nyumba za mbao, Minnesota

Naunga mkono kukodi. Jambo moja tu, fundi, kuhusu dari: huku tungetumia misumari ya bunduki iliyo minene zaidi, ya geji 16, ambayo ina kichwa kinachoshika vizuri kuliko hiyo ya F, ambayo ni ya geji 18 (namba ya geji ikiwa ndogo, msumari ni mnene zaidi). Mwalimu angeweza kuitafuta.

Jibu: Fundi seremala, Tanga

Ni misumari mizuri, ndugu yangu, sikatai. Lakini mimi sijaiona madukani kwetu isipokuwa kwa kuagizia, na bunduki usiyoweza kuinunulia misumari siku ile inapoisha ni chuma tu. Kwa dari ya milimita 12, ile ya F yenye milimita 40 ikisaidiwa na msumari wa mkono pembeni inashika.

Mwalimu, Kihonda

Narudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi moyoni, sasa ni katikati ya Januari.

Papi zilikwisha kwa siku moja na nusu. Kilichotuchelewesha kilikuwa kung'oa misumari ya zamani bila kuharibu mabati. Kijana wangu alikuwa anabinya bati kila anapoegemeza nyundo, mpaka tulipoanza kuweka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo, na hapo misumari ikawa inatoka imenyooka. Mvua kubwa ya wiki iliyopita imenyesha usiku kucha, na nilipanda na tochi kuangalia. Ni pakavu.

Kompresa nilikodi kwa fundi wa sofa, siku tano, na F50 nikanunua mwenyewe. Nilishangazwa na jinsi dari ilivyokwenda. Kijana alishikilia mwisho wa ubao, mimi nikachomeka ulimi, nikakandamiza pua, ukasikika mlio mmoja, ubao umekaa. Chumba kilikwisha kwa siku moja, sebule kwa siku tatu, na bega langu ni zima. Siku ya tatu umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi hadi jioni, kwa hiyo mbao 11 za sebule zimepigwa kwa nyundo ya baba, ikiwa na mpini mpya. Nikitazama kwa chini leo sizitambui ni zipi, ila mgongo wangu ulizitambua jioni ile.

Lilitokea tukio moja. Karibu na dirisha msumari ulikutana na kifundo, ukajipinda, na ncha yake ikatokeza upande wa chini wa ubao, sentimita tatu hivi kutoka ulimini. Mkono wa kijana ulikuwa mbali kwa zaidi ya shubiri, kwa sababu nilikuwa nimemchorea mstari wa chaki kwenye kila ubao na kumwambia asiuvuke. Alitazama ile ncha, akatazama mkono wake, na tangu hapo sikulazimika kumkumbusha kuvaa miwani.

Makabati nitayaanza likizo fupi ya Aprili. Mninga nimeulaza juu ya vipande vya mbao chumbani ili ukauke vizuri, na biti za milimita 2 nimenunua tatu, kwa kuwa fundi wa sofa ameniambia kwamba kwenye mninga zinakatika.